Ofelia Asiyekata Waya

Mimi nauza matairi, na sikufichi: kwa muda mrefu nilikuwa naitamani gereji ya Don Eulalio Zertuche. Tunapakana ukuta mmoja hapa magharibi ya San Antonio, yeye na redio zake za magari, mimi na matairi yangu, na matairi yanataka nafasi. Masikio ya mzee yalipoanza kumtupa mkono, nikaanza kupima kwa macho mahali nitakapopanga rafu.

Kikwazo kilikuwa binti yake. Ofelia alikulia chini ya dashibodi. Watoto wenzake walipokuwa wakicheza, yeye alikuwa amelala chali ndani ya gari la mtu, miguu nje, anammulikia baba tochi. Alipokua waligombana, akaenda kufanya kazi katika duka kubwa upande wa kaskazini, akarudi pale tu mzee alipokuwa hasikii tena simu ikiita. Alirudi na mdomo uleule. Anafunga redio akiongea, anakula akiongea, na nimeambiwa kanisani padre humsubiri amalize ndipo aendelee.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya magari yaliyotoka kiwandani na amplifaya yake. Katika gari la namna hiyo redio haisukumi spika yenyewe. Inatoa sauti ndogo tu, inaipeleka kwenye kisanduku kilichofichwa nyuma, ndani ya buti, na kisanduku ndicho kinachoikuza na kuipeleka milangoni. Don Eulalio alikuwa na dawa moja ya gari kama hilo, koleo. Anakata plagi ya kiwandani, anang'oa kisanduku, anatandika waya mpya mpaka kwenye kila spika. Koleo lenyewe lilikaa mfuko wa nyuma hadi suruali zake zote zikatoboka mahali pamoja.

Ofelia alisema huo ni uvivu. Kisanduku kizima kinatupwa, redio mpya inabebeshwa spika zote peke yake, inahema kama mgonjwa, na hata kengele ya kukukumbusha mkanda inakufa. Yeye huweka plagi ya kati, baina ya redio mpya na plagi ya gari, na cha kiwandani hakiguswi. Mzee alisema hizo ni mbwembwe za dukani. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani kila siku, maana kumweleza kitu mtu asiyesikia si kazi ya kunong'ona.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa tunakula barbacoa, nyama ya ng'ombe iliyopikwa usiku kucha, juu ya boneti la pikapu yangu. Mzee akafuta vidole, akasema, "Nimechoka. Gari la Hortensia limekufa redio, na lina amplifaya. Ofelia, lifunge kwa njia yako, usikate hata waya mmoja. Likilia vizuri, gereji ni yako. Likilia ovyo, namuuzia Baldemar."

Baldemar ni mimi. Nikauliza haraka, huku nikimtazama usoni asome midomo yangu, "Na nani ataamua kama limelia vizuri?"

"Mimi."

Mwamuzi kiziwi. Nilijiona nusu ya safari nimeshafika.

Hortensia alikuwa mpishi wa shule, sasa amestaafu, na hakuna gari analolipenda kuliko sedani yake kubwa yenye rangi ya maziwa. Alilileta siku mbili baadaye, akavuta kiti cha plastiki, akakaa na soda yake nyekundu kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Mimi nilisimama mlangoni. Kazi niliyokuwa nayo kwangu ilikuwa ndogo.

Ofelia alikuwa mezani, anaunganisha waya za redio mpya na za ile plagi ya kati, jozi kwa jozi, anazichomelea kwa risasi ya kuyeyusha. Kila spika ina waya zake mbili, mmoja rangi tupu, mwenzake rangi hiyohiyo na mstari mweusi.

"Jirani, umekuja kupima ukuta?"

"Nimekuja kukuaga."

"Niage vizuri basi, ulete na keki."

"Baba yako alikuwa akiunganisha waya anafunga mdomo."

"Alikuwa ameuma skrubu, wewe. Angeongea angeimeza."

Hortensia alicheka mpaka soda ikampalia. Na sisi tukaendelea hivyohivyo, yeye anachomelea, mimi nachokoza, hadi redio ikaingia mahali pake ikawaka. Taa zake nzuri, saa yake nzuri. Sauti hakuna.

"Mwanangu," Hortensia alisema, "saa ninayo nyumbani."

Nilitabasamu. Ofelia alinitazama akatabasamu zaidi. "Amplifaya imelala, mama. Huyu ndiye wa kuiamsha." Akainua waya wa buluu wenye mstari mweupe, aliokuwa ameuacha wa mwisho makusudi ili nione. Alipouchomeka, kitu kilifanya tik kule nyuma kwenye buti, na kinanda cha mkono kikajaa gereji nzima. Kulikuwa na mvumo kidogo, akapunguza nguvu ya redio isiilemee amplifaya, mvumo ukaisha. Akakaa bila mkanda, kengele ikalia. Hortensia alipiga makofi, na mimi nikaanza kuzing'oa rafu zangu kichwani, moja moja. Iliniuma, nisidanganye.

Ndipo mzee akatoka ofisini. Hakumwuliza mtu kitu. Aliingia kiti cha nyuma, akakaa katikati, akanyoosha mikono yote miwili, kiganja kimoja mlango huu, kingine mlango ule, akafumba macho. Alikaa hivyo wimbo mzima.

"Inagombana," alisema.

"Nini inagombana?" Ofelia aliuliza.

"Milango. Huu ukisukuma, ule unavuta. Besi inafia katikati."

"Baba, wewe husikii."

Alisema hivyo mbele ya mteja, mbele yangu. Faida ilikuwa yangu, lakini niliona aibu kama aliyetukanwa ni baba yangu. Mzee hakuondoa mikono.

"Sisikii," alisema. "Nashika."

Ofelia alibaki na mdomo wazi, halafu akaufunga, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Akakaa mbele, akaihamisha sauti yote nyuma. Akaipeleka kushoto, besi ikaja nene. Akaipeleka kulia, ikaja. Akairudisha pande zote mbili, ikakonda kama supu iliyoongezwa maji. Hata mimi wa matairi niliisikia.

Aliivuta redio nje. Angeweza kugeuka akatupa mgongo, akarekebisha kimya, nani angejua. Badala yake alizishika waya mbili za kijani, akazileta mpaka machoni pa baba yake.

"Nimezigeuza hizi. Wa mstari nimeuweka pa mwenzake. Nilikuwa naongea."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Ofelia akazifungua, akazibadilisha, akachomelea upya, na safari hii nilimchokoza asinijibu. Muziki uliporudi, mzee alikuwa tayari ameweka viganja vyake. Soda ya Hortensia ilitetemeka ndani ya chupa.

"Kumbe mlitaka kunipa nusu," Hortensia alisema.

Niliona ni sasa au basi. Nikainama dirishani mzee anione vizuri. "Don Eulalio, limelia ovyo kwanza. Umesema mwenyewe."

"Nimesema." Alitoka nyuma polepole, akaenda mbele ambako redio ilikuwa bado inaning'inia. "Ofelia, nipe plagi ya kiwandani."

Akampa. Mzee aliipapasa kwa dole gumba, waya mmoja baada ya mwingine, zote nzima kama gari lilivyotoka kiwandani.

"Baldemar, unajua ningekosea mimi ingekuwaje?" alisema. "Nikishakata, nimekata. Hakuna pa kurudi. Magari mangapi nimewarudishia watu yakilia ovyo, nikawaambia ndivyo yalivyo." Akamtazama binti yake. "Wewe umekosea, ukarudi."

Ofelia alikuwa analia, na wala hakujificha.

Mzee akapeleka mkono mfuko wa nyuma, akatoa koleo. Nilijua anamkabidhi, nikageuza uso nisione. Kumbe alikuja kwangu, akaliweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Chukua, jirani. Hapa halina kazi tena."

Ninalo mpaka leo. Linang'oa vizuri vile vipande vya risasi vya kusawazisha gurudumu kwenye rimu. Matairi yangu bado yanalala nje.