Njaa Ndiyo Jina Langu

Jina langu sitaliandika hapa. Limetamkwa vibaya na watu wa kutosha. Inatosha ujue kwamba ndani yake mna neno njala, na njala kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, ni njaa, hiyo hiyo unayoijua. Nilizaliwa Mwanda, mwaka ambao mvua ilitukataa, mahindi yakakauka yakiwa yanafika magotini, na baba akateremka Taveta kuwalimia watu mashamba ili alipwe ndizi. Mama alinizaa akiwa ameshinda na mboga za porini zilizochemshwa bila chumvi. Kwetu aliyezaliwa usiku huweza kuitwa usiku, na aliyezaliwa asubuhi akaitwa asubuhi. Mimi nilikuta njaa, nikaitwa hivyo.

Mama hakuliona jina hilo kuwa aibu. Shuleni tulikuwa na mwalimu ambaye kila akiita majina, akifika kwangu, aliwaambia wenzangu wafiche viazi vyao. Darasa zima lilicheka. Siku moja nilirudi nyumbani nikilia, nikamkuta mama anaambua maharagwe. Hakuinua hata uso.

"Njaa ilikuja ikakaa na sisi, ikaenda zake," aliniambia. "Wewe ulibaki. Sasa ni nani alishinda?"

Nikachukua ungo nikamsaidia kuambua. Tangu siku hiyo, kila nikiitwa, nilikuwa nasikia kwamba nilibaki.

Nikasoma, nikawa nesi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye zahanati ya shamba moja la mkonge, huku chini tambarare, na huko ndiko nilikojua kwamba jina langu lina pacha wa kiume. Wafanyakazi wengi walikuwa wametoka magharibi ya Kenya, na kwao jina hilo hilo, herufi kwa herufi, hupewa mvulana aliyezaliwa wakati wa njaa. Msichana wao hubadilishiwa mwanzo wa jina. Kwa hiyo karani alipoambiwa nesi wa jina hilo anakuja, alinitandikia kitanda kwenye nyumba ya makapera, akaniwekea na wembe wa kunyolea ndevu. Niliposhuka na sanduku langu na sketi yangu, alinitazama akaniuliza mume wangu yuko wapi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Siku hizo jina langu lilikuwa kitu cha kuchekesha, na mimi nilikuwa mwepesi wa kucheka.

Sasa nimestaafu, naishi Voi, na kicheko kimenipungua. Mwanangu anafanya kazi kwenye stesheni ya reli mpya. Alioa msichana mzuri, na wote wawili wanasali kwenye kanisa la hema lililo nyuma ya mtaa wetu, ambalo spika zake hunisomea Biblia hata nikiwa nafua. Walipopata mtoto wa kike, nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Ya pili ni kwamba kwetu msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake. Nilimngoja mtoto huyo nikijua nitaitwa tena nikiwa mdogo.

Mwanangu alikuja na mkewe, wakaleta sukari na maziwa. Sukari ya mtoto wako mwenyewe, ikija bila sababu, jua kuna neno. Akakaa, akatazama dari.

"Mama, pasta amesema tuombe kwanza," akasema. "Hiyo jina iko na mambo."

"Mambo gani?"

"Ati inafungulia umaskini mlango. Unajua njaa ni roho. Amesema sisi tumchagulie jina ya baraka."

Mkewe aliendelea kukunja nepi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Jina la baraka lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Hapo ndipo damu iliponichemka. Huyo pasta alikuwa amekwisha kukataa majina ya watakatifu kwa sababu ni sanamu, na majina ya mababu kwa sababu ni laana, lakini la Kizungu, hata likiwa jina la mwezi au la jiwe la pete, halina pepo hata mmoja. Nikamtazama mwanangu. Sare alizovaa shuleni, chai aliyokunywa na chuo alichosomea, vyote vilitoka kwenye mshahara ulioandikwa jina hilo hilo la umaskini. Hakuna siku aliyoukataa.

Nilikasirika, na sitajifanya kwamba nilisikitika. Mtu anaweza kukubali kuachwa nyuma na watoto, ndiyo uzee. Lakini kuambiwa kwamba mama yangu, akiwa amelala pale na tumbo tupu, alinitazama akanipa laana? Mama yangu ambaye chakula chake alinipa mimi? Niliwaambia waende na sukari yao. Hawakwenda nayo, na mimi nilikunywa chai bila sukari kwa hasira siku kadhaa.

Jumapili ya kumwekea mtoto mikono na kumpa jina kanisani nilikwenda. Nilivaa gauni langu la kijani, nikaketi kiti cha plastiki cha mbele kabisa, karibu na wazee wa kanisa. Mmoja wao nilikuwa namfahamu kwa sura tangu siku za mkonge. Alikuwa nyapara kule shambani, mtu wa magharibi, na mpaka leo Voi nzima humwita Nyapara. Ploti ambayo hema limesimama juu yake ni yake, ameliazima kanisa bure.

Pasta akawaita mwanangu na mkewe mbele. Ni kijana, suti yake imembana, na anapenda kutembea na maikrofoni. Alisema leo tunavunja kifungo cha ukoo. Kisha akanigeukia mimi.

"Nyanya yuko hapa, Mungu ambariki. Mama, hatujakataa wewe. Tunakataa hiyo roho. Hebu taja hiyo jina mara ya mwisho, tuivunje."

Akaniletea maikrofoni mdomoni, kama mtu anayemlisha mtoto. Nadhani alitegemea ninong'one. Mimi nilisimama, nikaishika ile maikrofoni mwenyewe, nikaliita jina langu vile mama alivyokuwa akiniita kutoka ng'ambo ya bonde, kwa kuvuta mwisho wake, ili lifike.

"Naam!"

Nyapara alikuwa amesimama. Fimbo yake ilianguka chini. Alikuwa ananitazama mimi.

"Keti, mzee," pasta akasema. "Hatujakuita wewe."

"Nimeitwa," Nyapara akasema. "Hiyo ni jina yangu. Mama yangu alinizaa wakati wa njaa, akanipa hiyo. Tangu afe, hakuna mtu amewahi kuniita." Akamgeukia pasta. "Sasa ni nini mnataka kuvunja?"

Pasta alimtazama Nyapara, akatazama chini, penye ile ardhi ya Nyapara, na nikamwona kabisa akipiga hesabu. Akasafisha koo. Akasema, kumbe Yusufu naye alipitishwa kwenye njaa ili awe baraka kwa mataifa. Akasema jina la mzee wetu ni ushuhuda. Haleluya zikapigwa. Mwanangu alipumua, mkewe akalia, na mtoto akawekewa mikono kwa jina langu.

Ungedhani nilifurahi. Nilipata nilichokifuata, ndiyo. Lakini Yusufu alikuwamo kwenye Biblia hiyo hiyo wiki iliyotangulia, wakati jina lilikuwa langu peke yangu. Kinywani mwa mwanamke wa Mwanda lilikuwa pepo. Alipoliitikia mwanamume mwenye ploti, likawa ushuhuda, na hata wimbo mmoja haujaimbwa katikati. Kisha ibada ikaisha, na watu wakapanga mstari kumpa Nyapara mkono.

"Hongera, mzee, umepata wajina," walimwambia, mmoja baada ya mwingine. Mimi walinipita. Mama mmoja aliniomba nimpishe afike kwake.

Simlaumu yule mzee. Alikuwa anafuta macho na leso, na hakuwa akiwasikia. Namlaumu pasta, namlaumu mwanangu kidogo, na wale wa mstari nawalaumu wote.

Nje, mkwe wangu alikuwa amemshika mtoto kivulini, upande wa hema. Alinyoosha tu mikono, akanipa. Mtoto alikuwa macho, anatazama upande wa mlima wa Ndara bila kuona chochote, kama wanavyofanya wakiwa wadogo. Nikamwita jina lake kwa sauti, nikalivuta mwisho.

Nyuma yangu Nyapara akageuka, akauacha mkono wa mtu hewani.

"Naam?"

"Si wewe, mzee," nikamwambia. "Namwita wajina wangu."