Masaa Kumi na Manne

Mama Chaji hakuzaliwa na jina hilo, wala hakulipenda lilipoanza. Alilipata kwenye kibanda chake cha kuchajia simu, enzi ambazo watu waliziacha simu zao kwake asubuhi na kuzifuata jioni, kila moja imefungwa kikaratasi chenye namba. Mtu mwingine angeridhika na kazi hiyo. Yeye ubishi wake ulimtuma apasue betri ya kompyuta iliyokufa, aone imekufaje. Ndani akakuta seli sita, mbili mbovu, nne nzima kabisa. "Kumbe!" alimwambia mumewe. "Wanazika wazima pamoja na wafu!" Tangu siku hiyo, kukicha yeye ni seli tu.

Kazi yenyewe inataka moyo. Seli huchajiwa, zikalazwa wiki nzima kwenye trei za mayai, kisha zikapimwa moja moja. Iliyoshuka chaji hutupwa, iliyosimama huandikwa kipimo chake ubavuni kwa wino mzito. Alifanya hivyo miaka kumi na moja, mpaka vinyozi na wauza vinywaji baridi wakawa hawataki betri nyingine ila yake. Na sababu haikuwa ufundi peke yake. Mama Chaji alikuwa hasemi uongo. Ukimuuliza betri itakaa masaa mangapi, anakutajia pungufu ya alichopima. Hapo nisikilize vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibika.

Ofisi ya afya ilitangaza kwamba mgao mkali wa umeme unakuja. Umeme ungekatwa saa kumi alfajiri na kurudi saa kumi na mbili jioni, kila siku, miezi mitatu mfululizo. Wakaitisha mkutano wa wenye makampuni na mafundi, kila mmoja aeleze betri yake itaweza kuendesha friji ya chanjo kwa muda gani. Betri ya Mama Chaji ilikuwa imeendesha friji masaa tisa. Alikwenda na hayo tisa yake, ameyaandika kwenye daftari, hana wasiwasi.

Aliyemtangulia kusema alikuwa kijana wa suti, makabrasha yake yanang'aa. Akasema kampuni yake inatoa masaa kumi na mawili mwaka huu, na mwakani ishirini. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Jamani, watu wazima wanaupigia makofi mwaka ambao haujafika! Hakuna aliyemuuliza kama hiyo betri ya mwakani ameshaiona hata kwa macho. Mama Chaji akatazama daftari lake, ile tisa akaiona imenywea kabisa. Ofisa wa afya akamgeukia. "Na wewe, mama?"

"Masaa kumi na manne," akasema.

Alijipalia makaa mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Na katika ule ukumbi, aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi mkuu wa kituo cha afya ambako betri hiyo, iliyochaguliwa papo hapo, ingejaribiwa kwanza.

"Wifi yangu mie simjui?" wifi alitamba nje ya mlango, amemshika mkono. "Ukisema tisa, huwa kumi. Sasa umesema kumi na manne, si itafika jioni na chenji juu!"

"Wifi, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Kaka yangu alioa kichwa, hakuoa sura."

Walicheka wote wawili, na ile nafasi ya kusema kweli ikapita. Siku tatu baadaye Mama Chaji alikwenda kituoni amepiga moyo konde kwamba leo anasema. Akakuta pale lilipokuwa jenereta la kituo, la kuendeshea friji umeme ukikatika, pamebaki alama ya mafuta sakafuni. Wifi alikuwa ameshalirudisha ofisini, likapelekwa hospitali ya mbali. Isitoshe, ameagiza chanjo za watoto za miezi mitatu kwa mpigo, kwa sababu sasa friji ina uhakika. Mama Chaji akauliza kama jenereta linaweza kurudi, wifi akamtazama kwa mshangao. "La nini tena?" Akajibu kwamba alikuwa anauliza tu.

Kuanzia hapo usingizi ukamkimbia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Akaongeza seli, friji ya kituoni ikaenda masaa kumi kasoro. Akaongeza nyingine, zikafika kumi na robo, kisha zikagoma. Akatoa kila seli iliyokuwa imelazwa, akawanyang'anya vinyozi betri zao akiwaahidi mpya, chumba kikajaa trei mpaka mumewe akawa anapita ubavu ubavu kufika kitandani. Mtoto wa jirani akilia yeye anafikiria surua. Na katika hangaiko lote hilo, hata mara moja hakuifikiria friji yenyewe. Ndiyo maradhi ya fundi betri hayo. Kitu kikizima mapema, kwake yeye kosa ni la betri, hata kama mlango umeachwa wazi.

Mumewe ni fundi magodoro, mtu wa maneno machache. Adhuhuri moja alimpelekea chakula kituoni, akavua viatu mlangoni kama wauguzi wanavyotaka, akasimama karibu na friji akimsubiri amalize kuandika vipimo. Akasogeza mguu. Akaurudisha.

"Mke wangu, mbona vidole vyangu vinapata baridi?"

"Niache, nahesabu."

"Hesabu, lakini baridi yote inamwagikia huku chini."

Mama Chaji akapiga magoti. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka kwa chini, baridi inatoka fyuu. Alitaka kucheka, akalia. Wiki mbili amebeba betri juu ya betri kulisha ufa! Mumewe hakumcheka. Alikwenda zake, akarudi na vipande vya sponji na gundi. Wakabadilisha mpira, wakaivika friji sponji nene pande zote isipokuwa mgongoni, maana friji hupumulia mgongo. Kisha Mama Chaji akapanga chupa za maji chini na pembeni, zipoe wakati umeme upo, zisaidie kutunza baridi mchana. Hakuna makabrasha yoyote yaliyowahi kutaja sponji ya godoro. Kama si ile kumi na manne aliyoiropoka, na yeye asingeifikiria mpaka leo.

Jumamosi wakajaribu. Masaa kumi na mawili na nusu. Mumewe akampongeza, yeye akajishika kichwa. Bado saa nzima na nusu, na Jumatatu mgao unaanza.

Jumatatu saa kumi alfajiri taa zikazima, betri ikapokea. Mama Chaji alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya friji, kipimajoto mkononi. Chanjo zinataka kukaa kati ya nyuzi mbili na nane, zikipita hapo ni za kutupwa. Kilisoma tatu. Saa mbili asubuhi kina mama wakaanza kupanga foleni na watoto mgongoni, na wifi akaja kufungua mlango wa friji. Akafungua tena. Alipokuja mara ya tatu, Mama Chaji alisimama akauziba kwa mgongo wake.

"Toa za asubuhi yote kwa mara moja, weka kwenye kisanduku chenye barafu. Huu mlango haufunguliwi tena leo."

"Ee, friji yangu, amri yako?"

"Wifi, nakuomba kwa Mungu."

Wifi akamtazama usoni, na mzaha ukamwisha. Alitoa chupa za chanjo alizohitaji, akaondoka. Mchana ukawa mrefu ajabu. Nyuzi tatu, tatu, nne. Mota ya friji ikinguruma roho yake inapaa, ikinyamaza inashuka. Saa tisa alasiri wifi alirudi, akavuta kiti. Hapo ndipo Mama Chaji aliposema yote, tangu ile tisa ya kwenye daftari.

"Ulinidanganya," wifi akasema polepole.

"Nilikudanganya."

"Humu ndani kuna chanjo za watoto mia sita."

"Najua. Nimezihesabu kila usiku."

Hawakugombana. Hakukuwa na nafasi ya kugombana. Saa kumi na moja na robo betri ikakata, masaa kumi na matatu na dakika kumi na tano. Mota ikanyamaza. Nyuzi nne. Nyuzi tano. Wifi alishika mkono wa Mama Chaji akaubana mpaka ukauma. Saa kumi na mbili ikafika, umeme haukurudi. Sita. Saa kumi na mbili na dakika kumi, sita na nusu. Mama Chaji alikuwa anaomba kwa sauti bila kujua kwamba anasikika. Dakika ya ishirini na mbili taa zikawaka, mota ikanguruma, na kipimajoto kikasimama kwenye saba.

Wifi alilia kwanza, kisha akacheka, kisha akampiga kofi la bega lisilokuwa la mzaha. "Usirudie tena mchezo huu, unasikia?"

"Sirudii. Nitaandika kumi na matatu na robo, na nitaandika habari ya mpira na sponji. Wajue si betri peke yake."

Simu ya wifi ikalia. Alikuwa yule ofisa, anataka matokeo. Mama Chaji akaomba aongee naye mwenyewe, akamweleza mbio mbio, maneno yanagongana: betri haikufika, friji ndiyo iliyosaidia, kila friji ikaguliwe mpira kwanza, na tafadhali vituo vingine wasiguse majenereta yao.

Ofisa akacheka kwa furaha. "Mama, usijishushe hivyo! Majenereta ya vituo vinne tumeyaondoa tangu leo asubuhi. Tulijua tu utafika."

"Na mgao huko unaanza lini?" Mama Chaji akauliza.

"Kesho alfajiri," ofisa akasema. "Betri zako nne za huko tutazifuata saa ngapi?"