Kupanda Hakupimi Breki

Nakumbuka Jumamosi moja ya Desemba, mwanangu, wiki ile ambayo Wachagga wa Dar na Arusha hurudi mlimani na kila mmoja hutaka aonekane amerudi na kitu. Usishangae nikikuita mwanangu ilhali ndevu zangu bado nyeusi. Aliyekutangulia kuanguka ana haki hiyo.

Kitu changu kilikuwa pikipiki ya mbio, nyekundu, ya mtumba, niliyoipata mwaka niliomaliza chuo. Mipira yake ya breki, ile inayopitisha mafuta, ilikuwa imechoka na kupasuka, nikaagiza mipya, ile iliyosukiwa waya wa chuma kwa nje, ambayo haivimbi unapobana kwa nguvu. Mpaka hapo sikukosea. Nalisema mapema kwa sababu wapo watakaokuambia kisa changu ni ushahidi kwamba pikipiki isiguswe. Huo ni upuuzi. Mipira ilikuwa mizuri. Mbaya nilikuwa mimi.

Fundi Eliya wa Njoro, pale Moshi, alikubali kuniazima spana na kivuli cha banda lake, maana nilimwambia nitafunga mwenyewe, nimeshasoma namna. Alicheka. Akasema basi Profesa, ninunue na washa mpya za shaba, zile pete ndogo zinazokaa pande mbili za bolti pale mpira unapoungana na breki. Za zamani zimeshabanwa zikakomaa, haziwezi tena kuzuia mafuta yasivuje. Na nikimaliza, nibane breki kwa nguvu, niishikilie kwa muda, kisha nipanguse kila kiungo kwa karatasi nyeupe.

Mwanangu, nilikuwa mtu wa kuhoji. Nilimhoji mchungaji, niliwahoji wahadhiri, nilimhoji hata bibi juu ya chumvi. Nikajiambia shaba ni shaba, hii ni hila ya mafundi na wenye maduka. Wala sikumuuliza Eliya kwa nini. Hapo ndipo ninapojikasirikia hadi leo: niliuita shaka, kumbe ulikuwa uvivu na haraka ya kwenda kujionyesha. Nikarudisha washa za zamani, nikatoa upepo kwenye mafuta, nikazunguka Njoro, mahali palipo bapa kama meza. Breki ikashika. Karatasi nyeupe sikuigusa.

Kisha nikapanda Mwika. Ukishaiacha Himo ni kupanda tu. Ukipunguza moto, mlima wenyewe unakusimamisha. Nilifika kwa babu bila kubana breki mara kumi, nikawatambia binamu zangu kwamba sasa nimefunga chuma.

Dada yangu Upendo alikuwa amebeba mizigo ya wageni mlimani miaka mitatu. Mwaka huo alipata leseni ya kuwaongoza, na Jumatatu ilikuwa safari yake ya kwanza ya kutembea mbele. Alitaka kushuka Himo akapate gari la Moshi, akanunue viatu. Nikamwambia gari la nini, apande nyuma yangu.

Kona ya kwanza breki ilishika. Ya pili, mkono wa breki uliingia ndani zaidi. Ya tatu ulilala juu ya usukani kama kitu kisicho na kazi duniani. Nikakanyaga breki ya nyuma, tairi likateleza. Upendo aliniuliza sikioni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, mbona hupunguzi?" Nikaielekeza pikipiki kwenye migomba. Mimi nilitoka na michubuko. Goti lake lilipinda upande ambao goti halipindi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mwingine.

Kesho yake, baada ya ibada, uwanja wa babu ulijaa watu waliokuja kutupa pole. Mjomba alisema ni husuda. Jirani alisema pikipiki nyekundu zina mkosi. Shangazi alisema ni mapenzi ya Mungu. Nami, bingwa wa kuhoji, siku hiyo sikuhoji hata moja. Niliinamisha kichwa nikayapokea yote kama zawadi, maana kila moja lilinipunguzia kosa. Nikaitikia hata amina.

Babu alikuwa ameendesha lori la kahawa kwenye miteremko ile mpaka macho yakamkatalia. Aliinuka, akaenda ilipoegeshwa pikipiki, akatoa leso yake ya kanisani na kupangusa kile kiungo. Akarudi nayo imelowa, akaiweka mapajani mwangu mbele ya watu.

"Nani alifunga hapa?"

"Ni mimi, babu."

"Uliambiwa nini ukakataa?"

Nikamweleza habari ya washa na karatasi.

"Basi usimsingizie Mungu. Mungu hakushika spana. Nenda kamwambie dada yako, usiniambie mimi."

Shangazi akamsihi aniache, mtoto ana uchungu. Babu akamjibu kwamba barabara ile imetuzikisha vijana wengi kwa neno hilo la mapenzi ya Mungu, na hajaona msiba hata mmoja ambapo mtu aliinama akatazama breki.

Nikaingia ndani nikamwambia Upendo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Karatasi tu?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani. Safari ya Jumatatu iliongozwa na mtu mwingine, na goti lile halikuwahi tena kuuweza mlima. Leo anafuga ng'ombe, tunacheka pamoja, lakini asubuhi kilele cha Kibo kikiwa wazi yeye hukamua amekipa mgongo.

Juzi hapa Rau tulimzika kijana wa bodaboda. Msemaji akatangaza kuwa siku zake zilitimia. Nyuma ya nyumba niliikuta pikipiki yake, waya wa breki umekatika zamani na kufungwa kwa kipande cha mpira. Nikauliza kwa sauti. Nikaambiwa nina kiburi cha kisomo. Na kiwe kiburi! Mficha maradhi, kilio humuumbua, nasi tumechagua kilio.

Kwa hiyo nisikilize. Hoji kila kitu, nami nihoji, lakini anza na jambo unalolikataa kwa sababu linakuchelewesha. Fundi akikupa sharti, muulize sababu kabla hujamcheka. Usijipime mahali pa kupandia, kwa maana kupanda hakupimi breki. Jipime unaposhuka, ukiwa peke yako, kabla hujampakia mtoto wa mtu. Na ukikosea, sema ni mimi, useme mapema, kabla wenye huruma hawajakutafutia shetani wa kumbebesha.

Mungu akupe mikono isiyo na papara na ulimi usiokimbia kosa lako. Akushushe salama, mwanangu, wewe na kila anayekaa nyuma yako akikuamini.