Kipimo cha Bi Sijaona

Bi Sijaona alikuwa kungwi aliyetafutwa Kibiti nzima. Alimfunda bibi harusi kwa maneno ya kuchekesha na kuchoma papo hapo, na sauti yake ilifika uani kwa jirani. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Gharibu, mdogo wake mwenye duka la vitambaa sokoni, alilelewa naye baada ya mama yao kufariki, na Doto, binti wa Gharibu, alikulia mapajani mwa shangazi yake huyo.

Ulimi ndio ulioanza kumsaliti. Maneno yalimtoka mazito, yakiburuzana. Kisha mguu ukawa unajikwaa pasipo na kitu. Siku moja alianguka mbele ya duka la mdogo wake, wateja wakiangalia, na alipotaka kueleza akasikika kama mlevi.

"Bi mkubwa leo kaonja mnazi," mtu mmoja akacheka.

Gharibu hakukanusha. Alimwinua dada yake, akamnong'oneza, "Nenda nyumbani, dada. Usinitie aibu."

Ikawa basi. Watu walisema, ikiwa ndugu yake wa tumbo moja kanyamaza, ni kweli. Mialiko ikakoma. Doto alipoolewa na kijana wa Umwe, Gharibu alitafuta kungwi mwingine. Bi Sijaona aliambiwa apumzike. Vigelegele vya harusi ya mtoto aliyemlea alivisikilizia kitandani kwake, nyumba ya pili tu.

Ni Doto aliyempeleka Dar es Salaam, baada ya kumkuta akipaliwa na maji ya kunywa. Daktari alieleza kwamba neva zinazoendesha misuli zilikuwa zinakufa. Akili yake ilikuwa timamu, ila dawa ya kumponya haikuwepo. Doto alimpigia baba yake simu hapo hapo hospitali.

"Ni ugonjwa, baba. Shangazi halewi."

"Haya," Gharibu alijibu, akakata. Mteja alimwita mara mbili bila kuitikiwa.

Alimhamishia dada yake kwake, akamnunulia godoro zuri. Kuomba radhi kulimshinda. Kila alipokaa karibu naye alizungumzia mvua na bei ya kanga, kisha akajifanya ana haraka.

Kabla ya Ramadhani akaja Petronila, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa Songea. Alikuwa akiwafuatilia wagonjwa wa aina hiyo ili kujua wenyewe wanayaonaje maisha yao.

"Maisha gani tena, sista?" alisema Gharibu. "Weka sifuri, yaishe."

"Samahani, mzee wangu. Nimekuja kumwuliza yeye."

Alimweleza Bi Sijaona kwamba angetaja mwenyewe mambo yanayoyafanya maisha yake yawe maisha, kisha kwa kila jambo aguse mstari uliochorwa kwenye kadi: chini kubaya kabisa, juu kuzuri kabisa. Doto, aliyekuja kumwona, ndiye pekee aliyeielewa bado sauti yake.

"Tuanze na kutembea, bibi?"

Bi Sijaona alitikisa kichwa. Akasema kitu kwa taabu. Doto akainama, asikitafsiri.

"Amesemaje?"

"Anasema heshima. Watu wanamjua kuwa ni mlevi."

Kidole cha Bi Sijaona kiliteremka hadi mwisho wa mstari. Alipomtaja Doto, kilipanda juu kabisa. Swala akaiweka katikati. Kisha akataja ndugu yake. Alimtazama Gharibu kwa muda, akaurudisha mkono mapajani bila kugusa kadi.

Gharibu alitoka nje. Alitamani dada yake angemtukana.

Baada ya Idi kulikuwa na ndoa mtaani. Shehe alipomaliza kufungisha, Gharibu aliomba kipaza sauti.

"Dada yangu Sijaona hajanywa pombe maisha yake yote. Anaumwa. Mimi nilijua halewi, nikanyamaza kwa kuogopa wateja wangu. Kosa ni langu."

Aliondoka kabla ya pilau, akipita katikati ya watu waliomtazama.

Wanawake wakaanza kuja, wengine wakilia, wengine na visingizio. Mama mmoja alimleta mwali wake afundwe. Bi Sijaona alitamka, Doto akatafsiri huku uso ukimwiva, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Petronila aliporudi, mikono ya mgonjwa ilikuwa imelegea. Alipitisha kalamu juu ya mstari, Bi Sijaona akafumba macho pale alipotaka asimamishe. Heshima ilikuwa imepanda karibu na juu. Petronila alishangaa, maana mwili ulikuwa umezidi kudhoofika.

"Na ndugu yako, bibi?"

Kalamu ilianzia chini. Macho yalifumbwa kabla haijafika katikati.

Gharibu aliona. Safari hii hakutoka.

"Ni haki yako, dada," alisema.

Akavuta kigoda, akachukua kikombe cha uji, akaanza kumnywesha kwa kijiko, taratibu, asipaliwe.