Kutafuta Matofali Mabovu Mvumi

Nilikwenda kijijini Mvumi kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa haijui kusema hapana. Kazi yangu chuoni Dodoma ni kuifundisha programu ikadirie uimara wa matofali ya udongo kabla hayajafyatuliwa, na nilikuwa nimeilisha kila utafiti nilioupata. Siku moja, kwa utundu tu, nikaiuliza kuhusu tofali la mchanga mtupu. Ikajibu: imara. Ndipo nikang'amua kwamba sisi wasomi huchapisha matofali yaliyosimama. Yaliyovunjika tunayazika kimya kimya.

Profesa, msimamizi wangu, hakufurahi nilipoomba kwenda kuyatafuta. Makala yetu ilikuwa tayari, na mkataba wangu uliitegemea.

"Nenda," akasema, "lakini usinirudie na matatizo."

Asubuhi niliondoka nyumbani Nzuguni kwa pikapu ya kukodi, magunia matupu nyuma. Nilifika Mvumi nyusi zikiwa nyekundu kwa vumbi.

Mwenyeji wangu, Mzee Yoeli, amefyatua matofali tangu ujana. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba yaliyovunjika.

"Marahaba. Nani kakwambia yangu yanavunjika?"

Nikacheka moyoni: huyu naye ni msomi kamili.

Mkewe, Mama Elia, alikuwa akipepeta mtama. "Mwalimu, muulize habari za choo kilichomwangukia mchungaji."

"Hakikumwangukia! Alishatoka!"

"Alitoka na mlango."

Mzee akanuna, kisha kicheko kikamshinda. Akanipeleka nyuma ya zizi kwenye lundo la vipande: haya mchanga ulizidi, haya mvua iliyawahi, haya alifyatua akiwa kalewa. Majirani wakasogea. Kufikia jioni walikuwa wanashindana nani kaharibu zaidi, na magunia yangu yamejaa.

Niliporudi chuoni nikapima udongo wa vipande vyote, nikailisha programu maanguko ya Mvumi. Ikakataa nusu ya matofali tuliyoyasifia kwenye makala. Nikampelekea Profesa matokeo.

Akasoma. Akainuka, akafunga mlango. Nikajiandaa kufukuzwa.

"Kwenye uzamivu wangu," akasema polepole, "matofali mengi yalipasuka. Nilichapisha yaliyopona." Akavuta kiti karibu na kompyuta. "Andika. La kwanza lilipasuka mbele ya mgeni rasmi."

Makala imechelewa, na mkataba wangu umeongezwa kwa shingo upande. Nilichojifunza ni kwamba watu hukiri yaliyowashinda kwa furaha, wakishapata wa kuanza. Programu nayo siku hizi husema "sina hakika" mara nyingi kuliko profesa yeyote ninayemjua, na ndiyo ninayoiamini kuliko wote.