Siku Mukandayisenga Alipouitikia Mchezo

Mukandayisenga hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilima maharagwe na njegere kwenye mteremko ulio juu ya misheni, kule Masisi. Alifiwa na mume mapema. Kisha mwanawe Ndayambaje akashuka upande wa Walikale kutafuta kazi ya barabara, asirudi wala asisikike. Tangu hapo hata nyimbo za kupalilia aliwaachia wengine, na binti yake Adelaïde akazoea kulima kando yake kutwa nzima wakisikilizana majembe tu.

Mwaka 1955, mvua zilipoanza, padri alitangaza baada ya misa kwamba walimu fulani kutoka Bukavu walikuwa wakizunguka nchi na mchezo wa kuimba. Ngoma watu walizijua, na kwaya pia. Ila mchezo ambamo watu huambiana kila jambo kwa wimbo, hata kuombana chumvi, huo walikuwa hawajauona.

"Tuende, Mama," Adelaïde alisema.

"Nitafanya nini kule?"

"Utakaa tu. Miguu ipumuzike."

Jumapili alasiri Mukandayisenga akajifunga kikwembe chake cha Pasaka, wakateremka.

Lori lilikuwa limesimama uani mwa misheni, ubavu wake umeshushwa ukawa jukwaa, na nyuma yake wametundika shuka kubwa iliyochorwa miti. Kodiani ilipoanza kulia, ukungu nao ulikuwa ukishuka kutoka milimani, polepole, kama kawaida yake saa hizo. Uliingia katikati ya waimbaji, ukailamba ile miti ya shuka, na Adelaïde hakuweza tena kujua shuka inaishia wapi na kilima kinaanzia wapi. Waimbaji walitokea na kupotea. Alijihisi kama mtu aliyesinzia juani, anayesikia kila kitu lakini kwa mbali.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mama ambaye mtoto wake amemfuata ndege hadi porini. Huyo mama alichezwa na mwalimu Athanase, mwanaume wa mabega mapana, kichwani kilemba. Watoto walicheka.

"Uyu mama iko mwanaume," Adelaïde alimnong'oneza mamake.

"Nimeona. Wacha nisikie."

Athanase akauliza mto kwa wimbo: umemwona mwanangu? Mto, vijana watatu wenye kitambaa cha buluu, ukamjibu kwamba haukumwona. Akauliza upepo, upepo nao ukajibu. Kisha akaupigia msitu magoti, akauliza. Msitu ulipangiwa kunyamaza. Kodiani ikakatika, uwanja mzima ukawa kimya.

Ndani ya kimya kile Mukandayisenga akasimama, akaimba.

Hakuimba kwa nguvu. Alimjibu mama wa jukwaani kama jirani anavyomjibu jirani ng'ambo ya bonde: kwetu pia hajafika, dada, na wangu naye hajarudi. Adelaïde alishika upindo wa kikwembe cha mamake ili amketishe, kisha akauachia. Hakuwa ameisikia sauti ile kwa miaka. Alikuwa amesahau jinsi ilivyo na mkwaruzo mdogo mwishoni, kama jani kavu linapoburutwa.

Athanase alibaki amepiga magoti. Angeweza kuendelea na mchezo wake. Badala yake aligeuka, akamwimbia: wako anaitwa nani, Mama?

"Ndayambaje," Mukandayisenga akaimba.

Athanase akalirudia jina. Mto ukalirudia, upepo ukalirudia, kisha watu wote uani, na ukungu ukalichukua.

Njiani kurudi, mama na binti walitembea wameshikana mikono.

"Nimekutia aibu," Mukandayisenga alisema.

"Hapana, Mama."

Walimu wakaendelea na safari hadi Walikale. Kila waliposimama, msitu uliponyamaza, Athanase aliliita jina la Ndayambaje. Hakuna aliyemtuma.

Kabla ya mavuno, mwindaji mmoja aitwaye Gustave alifika mlimani kutoka Ntoto, kijiji cha upande wa Walikale, amebeba nyama iliyokaushwa kwa moshi. Alikuwa ameusikia ule wimbo, akawauliza walimu jina lile wamelitoa wapi. Akakaa, akanywa maji, ndipo akasema: "Mama, Ndayambaje alikuwa kwetu. Homa ilimukamata ku kazi ya barabara. Mama yangu alimulalisha mu nyumba yetu mpaka alikufa. Tulimuzika pamoja na watu wetu, hatukumutupa. Kwenu hatukukujua."

Mukandayisenga hakulia palepale. Aliuliza kama mwanawe alikuwa anakula, na nani alimwosha. Gustave akajibu yote. Ndipo Mukandayisenga akalia, na Adelaïde naye.

Mama na binti walishuka Ntoto, safari ndefu ya matope na miti mirefu. Mamake Gustave aliwapokea mlangoni, akawaonyesha kaburi, chini ya michikichi. Wale mama wawili hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, wakasaidiana kwa Kiswahili chao chenye kuchechemea. Jioni walichambua sombe, majani ya muhogo, pamoja. Tangu mwaka ule maharagwe yalishuka Ntoto kila mavuno na mafuta ya mawese yakapanda Masisi, na mtu akimuuliza Mukandayisenga yale mafuta yametoka kwa nani, alijibu kwamba yametoka kwa ndugu.