Chakula Kisichopita Mkononi mwa Mtu

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi tuliokulia Bukavu tunamwita yaya mpaka leo, aliacha kula vitu vilivyopikwa juma lile tulilomzika mumewe. Shemeji alirudi kutoka sherehe ya mahari akiwa mzima, akalalamika tumbo, na hakumaliza juma. Hospitalini walitaja ini. Watu wa matanga walitaja sumu, kwa sauti za chini, huku wakiikodolea macho nyumba ya jirani. Nani angesikiliza habari za ini?

Mimi nilikasirika tangu siku ile. Sina subira, wanaonijua wanajua. Lakini hofu ya kulishwa sumu huku Rusizi, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu, haina mchezo. Tumezaliwa nayo, tumevuka nayo mpaka, tumerudi nayo. Ndiyo maana anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, halafu ndipo anakupa. Hata mimi, pamoja na ukali wangu, nikipewa glasi isiyoonjwa nasita.

Yaya yeye alipita kiasi. Aliamini kwamba moto ndio unaoficha ubaya. Mchuzi, alisema, unaweza kubeba chochote, lakini avoka lenye ganda zima halina mlango. Basi akaishi kwa avoka, nyanya, karoti, kabichi, papai na ndizi mbivu, vyote kutoka bustani yake pale Kamembe, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Nyama hapana. Maziwa hapana, yamepita mikononi mwa watu. Sambaza, vile vidagaa vya ziwani, hapana, na sisi ni watu wa sambaza! Hata mayai hapana, maana kuku hudonoa kwa majirani. Baadaye simu ikamletea washirika: video za watu wa mbali wenye ngozi inayong'aa, wakihubiri kwamba chakula kibichi ni dawa ya kila kitu. Alinionyesha kwa ushindi.

"Ona! Batu benye akili banakula kama miye."

Na kweli mwanzoni alipendeza. Akawa mwepesi, akakanyaga cherehani yake kutwa nzima akiimba nyimbo za kwaya. Miaka ikapita hivyo, tukazoea. Nilikuwa nakwenda kwake na sufuria yangu ya maharagwe na sambaza, nakula mbele yake kwa makusudi, nikilamba vidole. Alicheka tu.

Kisha akaacha kuimba. Asubuhi moja niliingia nikamkuta amesimamisha kazi, anapigapiga nyayo sakafuni. Alisema kuna sisimizi wanatembea ndani ya miguu yake. Majuma yaliyofuata sisimizi wakawa ganzi, na ganzi ikapanda. Mishono ikaanza kwenda upande, wateja wakarudisha sare za shule. Hakuweza kujua kama mguu uko juu ya pedali au pembeni mpaka ainame aangalie. Ulimi wake ulikuwa mwekundu na laini kama umepigwa pasi, na viganja vilikuwa vimepauka. Yaya hana mtoto, hana mume. Ana ile cherehani na miguu miwili ya kuikanyaga. Nikaogopa, na mimi nikiogopa nagomba.

"Twende kwa daktari!"

"Daktari ya nini? Miye najua. Balinilisha sumu."

"Nani amekulisha, na wewe huli kwa mtu?"

Akanitazama, akanitazama tena. "Njo ile miye nauliza," akasema. "Ni nani anaingiaka humu ndani?"

Aliyekuwa akiingia humo ndani ni mimi peke yangu.

Bila kuniambia akaenda kwa mganga wa kutapisha, kule upande wa Bugarama. Akanyweshwa majani mpaka akatapika maji ya kijani. Mganga akasema sumu ameiona, imeshuka miguuni. Yebaba we! Yaya alirudi ana furaha, kwa sababu sasa alikuwa na uhakika. Akaanza kuosha avoka kwa sabuni ya kufulia kabla ya kulimenya. Jirani, mama mmoja mjane kama yeye, akimsalimia haitikiwi. Langoni ikawekwa kufuli mpya, na mimi nikawa napiga hodi kama mtu wa kuuza mkaa. Siku nyingine alinifungulia. Siku nyingine nilisikia pumzi yake nyuma ya bati, na hakufungua.

Alianguka mchana kweupe, katikati ya kabichi zake. Miguu ilikataa tu. Jirani yule yule asiyesalimiwa ndiye aliyesikia na kunipigia simu, na ndiye aliyeshika mabega nilipomshika miguuni kumwingiza kwenye teksi. Yaya alifumba macho njia nzima ili asimwone.

Daktari hakuanza na miguu. Aliuliza mgonjwa anakula nini. Nikamtajia. Akauliza tangu lini, nikamwambia, naye akaweka kalamu chini. Akaeleza polepole kwamba kuna vitamini inaitwa B12, iko kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai, na hakuna bustani inayoiotesha. Mwili huwa na akiba yake, unaweza kuila kimya kimya miaka, mpaka siku akiba inapokwisha. Hapo damu inapungua, mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inakufa ganzi.

"Na akili pia," akasema. "Mtu anaweza kuanza kushuku hata watu wake."

Yaani hofu ndiyo iliyomnyima chakula, na kukosa chakula kukamwongezea hofu, na hivyo ndivyo alivyokuwa akizunguka ndani ya ile nyumba yenye kufuli.

Dawa yenyewe ni nyekundu. Yaya alipoiona kwenye sindano alijivuta mpaka ukutani. "Mumuchome yeye mbele," akasema, akaninyooshea kidole. Nesi akacheka, kisha akaona hakuna utani. Daktari akasema haina madhara kwangu. Nilikuwa na hasira. "Choma!" nikasema, nikapandisha mkono wa blauzi. Nikachomwa. Yaya akakaa kitandani ananitazama usoni, hapepesi, mchana ukapita na sahani za wagonjwa zikapita. Dada yangu, tuliyelala naye kitanda kimoja utoto wote, alikuwa anangoja nianguke. Sikuanguka. Ndipo akatoa mkono wake.

Sindano zikaendelea. Ulimi ulipona kwanza, rangi ikarudi viganjani, halafu ule mtazamo wake wa kushuku ukalegea. Siku moja alikula yai nililochemsha, bila kuuliza lilitoka kwa kuku wa nani. Alipomaliza akaweka sahani chini.

"Sasa hakuna muntu alinilisha?"

"Hakuna, yaya."

"Na bwana yangu?"

"Walisema ini. Tangu siku ile walisema ini."

Akalia, na kilio chake hakikuwa cha afueni. "Kama ni sumu," akasema, "ningejua nani nimusamehe."

Niliokota sahani nikaenda kuiosha.

Kuhusu miguu daktari hakutuahidi kitu. Alisema kinachowahiwa hurudi, kilichochelewa sana huenda kisirudi, na tusiache sindano. Yaya amechagua kusikia ule upande wa kurudi. Wateja wakiuliza, anawaambia mwezi ujao. Ananituma nipanguse cherehani vumbi, nitie mafuta, na mimi nafanya, kwa sababu sina moyo wa kukataa. Jioni namkanda miguu kwa mawese ya moto kidogo, kuanzia vidole hadi magoti.

Jana alikuwa amelala chali, anaangalia dari, ananisimulia gauni atakaloanza nalo akirudi kazini, lenye mikono mipana. Mguu wa kushoto nilikuwa nimeshaumaliza, niko katikati ya ule wa kulia, vidole gumba vyangu vimezama kwenye unyayo kwa nguvu zangu zote. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama leo nimechoka, au nitaanza kumkanda saa ngapi.